Kupatwa kwa Jua Kutaanza Mgeni Rasmi Akishaketi

Haya hayakutokea kwetu. Yalitokea katika nchi moja ya mbali, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu pendekezo la kulibadilisha lilikuwa bado kamatini, na kamati ilikuwa inamsubiri mwenyekiti. Anayedhani ameitambua nchi hiyo amekosea. Akiendelea kudhani, aandike barua, nakala tatu, aipeleke dirisha namba nne, ambalo hufunguliwa siku za Alhamisi.

Watu wa nchi hiyo walikuwa wapole, na walikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko zote: hakuna jambo lililoanza kabla mgeni rasmi hajaketi. Daraja lao kubwa lilipokamilika, walivuka mto kwa kuogelea chini yake miaka mitatu, nguo zikiwa kichwani, huku wakilisifu, mpaka mgeni rasmi alipopata nafasi ya kuja kukata utepe. Maharusi fulani walimsubiri mgeni rasmi wao muda mrefu kiasi kwamba alipofika, aliyempa shada la maua mlangoni alikuwa mtoto wao wa pili. Hakuna aliyelalamika. Jambo lililoanza bila mgeni rasmi lilihesabiwa kuwa halijaanza, na aliyeliona likianza alishauriwa akapimwe macho.

Mtu mmoja tu alishindwa kuizoea desturi hiyo. Aliitwa Bwana Hizza Mkumbukwa, na alikuwa Mkuu wa Idara ya Anga.

Idara ya Anga ilikuwa orofa ya nne, nyuma ya stoo ya viti vibovu. Zamani ilikuwa na wafanyakazi saba. Wawili walistaafu, mmoja alifariki, watatu walihamishiwa Idara ya Hafla, ambako kazi ilikuwa imewaelemea. Akabaki Bwana Hizza. Kila asubuhi alisaini kitabu cha mahudhurio kama mfanyakazi, kisha akasaini safu ya pili kama msimamizi aliyeridhika kwamba mfanyakazi amewahi. Saa nne alichemsha chai ya idara, kikombe kimoja. Mwisho wa mwezi aliitisha kikao cha wafanyakazi wote kama kanuni ilivyotaka, akasoma taarifa kwa sauti, akauliza kama kuna mwenye swali, akasubiri kidogo kwa adabu, akafunga kikao. Baada ya hapo alikwenda nyumbani, ambako mambo yalikuwa vilevile, isipokuwa hakukuwa na kanuni.

Mkewe, Zamaradi, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu ile kubwa waliifanya pamoja, mezani, watoto wa mtaani wakicheza nje: lini jua litapatwa lote juu ya nchi yao, na wapi. Iliwachukua mvua mbili. Jibu lilipotoka walilirudia mara tatu. Kivuli cha mwezi kingepita juu ya nchi kama mkanda mwembamba, na katikati ya mkanda huo kulikuwa na kilima kimoja cha majani mafupi, hakina msitu, kiko upande wa nchi usio na mawingu msimu ule, na kutoka juu yake mtu anaona mpaka mwisho wa macho. Kiliitwa Shundu. Pale jua lingezimika saa saba na dakika hamsini na mbili mchana, na lingebaki limezimika dakika nne na sekunde kumi na moja.

"Tutakwenda na viti vyetu," Zamaradi alisema. "Jambo la namna hii halitazamwi mtu amesimama."

Wakanunua viti viwili vya kukunja. Binti yao Tunu, aliyekuwa na miaka tisa, akauliza yeye atakaa wapi. Baba yake akamwambia atakaa hapo katikati, chini, kwa kuwa yeye ni mdogo. Miaka ishirini na miwili ilikuwa bado. Hawakufikiri kwamba mtoto atakua, wala kwamba kiti kimoja kitabaki wazi.

Tunu alikua, akasoma, akaajiriwa na Ofisi ya Itifaki, ambayo kazi yake ilikuwa kumfikisha mgeni rasmi mahali alipotakiwa. Alikuwa hodari. Mama yake alipofariki, aliomba heshima ndogo tu: mazishi ya mwalimu aliyefundisha miaka thelathini yawe na mgeni rasmi. Akapewa Naibu Katibu. Tunu mwenyewe akaenda kumchukua. Tangazo lilisema mazishi ni saa saba. Saa saba ikafika, ikapita nusu saa, watu wamekaa juani, jeneza limekaa juani, na Bwana Hizza ameshika saa yake ya mfukoni yenye mshale wa sekunde. Saa saba na dakika arobaini akasema, "Tuzike." Wakazika. Tunu alifika saa tisa na Naibu Katibu wake, akakuta watu wananawa mikono.

Hakupiga kelele. Alimpeleka Naibu Katibu kwenye kiti chake, akamshika mkono akae, akamletea maji. Tangu siku hiyo alimpigia baba yake simu sikukuu za taifa tu, akimtakia heri ya sikukuu kwa niaba ya familia. Familia yenyewe ilikuwa wao wawili.

*

Miezi miwili kabla ya siku yenyewe, serikali iligundua kwamba jua litapatwa. Iligundua kupitia gazeti la nchi jirani, na ilihuzunika kwamba nchi jirani imeanza kuliandaa jua bila kushauriana. Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Mahali Pazuri pa Kutazamia Kupatwa kwa Jua, chini ya Waziri wa Hafla, Mheshimiwa Alfani Kipepe, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Wajumbe walikuwa arobaini na mmoja. Bwana Hizza aliitwa kama mtaalamu, akawekwa kwenye kiti kisicho na meza.

Aliyekuwa akiandika muhtasari, karibu na Waziri, alikuwa Tunu.

"Karibu, Mtaalamu," alisema bila kuinua macho.

Bwana Hizza alikuwa amesubiri "Shikamoo, Baba". Akaitikia kwa kukohoa.

Alitundika ramani. Akaeleza mkanda wa kivuli, akaeleza mawingu, akaeleza kwa nini Shundu ni bora kuliko mahali pengine popote nchini. Aliongea vizuri. Alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba hiyo katika vikao vya wafanyakazi kwa miaka mingi.

Waziri aliitazama ramani kwa huruma.

"Shundu pana lami?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Pana jukwaa kuu?"

"Pana kilima, Mheshimiwa."

"Vyoo vya kukaa?"

Bwana Hizza akaigeukia ramani.

"Sasa, ndugu mtaalamu," Waziri alisema, "huu mstari nani aliupitisha huko?"

"Ni njia ya mwezi, Mheshimiwa."

"Najua ni ya mwezi. Nauliza nani aliipitisha. Maana mimi ni waziri mwaka wa nane, na sijaona karatasi ya kunijulisha kwamba kuna kivuli kitapita nchini kwangu, kiache mji mkuu, kiende kwenye majani."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akapendekeza iandikwe barua ya kuonyesha masikitiko. Mwingine akauliza iandikwe kwa nani, na hapo kamati ikaenda chai.

Waliporudi walichagua Uwanja wa Taifa, ulioko mji mkuu. Ulikuwa na lami mpaka mlangoni, viti elfu sitini, na choo kimoja cha kukaa ambacho ufunguo wake ulikuwa mfukoni kwa Waziri. Bwana Hizza alinyoosha mkono. Akasema mji mkuu uko kilomita themanini nje ya mkanda; kwamba pale jua halitazimika, litaliwa tu libaki kipande, na kipande hicho kinatosha kuufanya mchana ubaki mchana.

"Kilomita themanini!" Waziri alicheka, na arobaini wakacheka. "Mwezi umetoka huko ulikotoka, ushindwe kilomita themanini?"

Ikasomwa ratiba. Saa sita wananchi kuingia. Saa saba ngoma. Saa nane gwaride. Saa tisa kuwasili mgeni rasmi, ambaye alikuwa Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe. Saa tisa na dakika arobaini mgeni rasmi kukaribisha kupatwa kwa jua.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Hizza, "saa hiyo litakuwa limekwisha."

Tunu aliacha kuandika.

"Litakwishaje," Waziri aliuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "na mgeni rasmi hajafika?"

Yakapita maazimio mengine haraka haraka. Juu ya viti vyote yafungwe maturubai ili watazamaji wasisumbuliwe na jua. Miwani ya kutazamia igawiwe kwa vyeo: wageni mashuhuri macho mawili, wananchi wa kawaida jicho moja. Na kwa kuwa watu wa mji mkuu walikuwa wamechoshwa na hafla, uwanja ujazwe kwa malori kutoka vijiji vyenye bahati ambavyo kivuli kingepita juu yake, maana hao ndio wenye uhusiano wa karibu na jambo lenyewe.

Bwana Hizza aliomba jambo moja: aruhusiwe kwenda Shundu. Kamati ilijadili, ikakubali. Barua ya safari iliandikwa hapohapo, ikimtaka aende akathibitishe kwamba huko hakuna kitakachotokea.

*

Alimkuta Tunu koridoni, anapanga mafaili.

"Tunu. Mwanangu. Njoo Shundu."

"Nina mgeni rasmi, Baba." Walau sasa alikuwa Baba.

"Tulimwahidi mama yako."

Tunu alilifunga faili, akalifungua tena. "Na mimi pia nilimwahidi Mama kitu. Nilimwambia nitamletea mtu wa kumheshimu, na nitakuwapo. Saa moja na dakika ishirini, Baba. Nimeihesabu. Ungenisubiri saa moja na dakika ishirini tu."

Bwana Hizza alikuwa na majibu. Jua lilikuwa kali, watu walichoka, tangazo lilisema saa saba. Majibu hayo aliyasema kila siku jikoni kwake kwa miaka sita, na jikoni yalisikika vizuri. Pale koridoni hayakutoka hata moja.

"Nitakuwekea kiti," alisema.

"Usinisubiri."

"Nitakusubiri."

Tunu akamwangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yalikuwa ya Zamaradi, mengine yote ya serikali. "Wewe? Wewe hujui kusubiri, Baba. Hata sekunde."

Akaenda na mafaili yake. Bwana Hizza alibaki koridoni muda mrefu, mpaka mfagizi akamwomba apishe.

*

Alifika Shundu siku moja kabla, asubuhi, akakuta malori yanapakia kijiji. Wazee walipandishwa kwanza, wakafuata mama wajawazito, kisha kikundi cha ngoma. Kila mtu alikuwa amevishwa sare mpya: kitambaa cha njano chenye picha ya jua, na katikati ya jua, mahali ambapo mwezi ungepita, uso wa Mlezi Mkuu ukitabasamu. Mwanamke mmoja mfupi, muuza chai aliyeitwa Mama Ndelwa, alikuwa wa mwisho kupanda, anahangaika na kuku wake.

"Mama, mnakwenda wapi?" Bwana Hizza aliuliza, ingawa alijua.

"Mjini, kuliona jua likipatwa."

"Litapatwa hapa. Hapa hapa, juu ya nyumba yako. Ukibaki utaona nyota mchana."

Mama Ndelwa akamcheka, bila ubaya. "Hapa? Hapa hata umeme haujafika, mzee wangu. Jua litakuja kufanya nini?"

"Nimepiga hesabu, mama. Miaka ishirini na miwili."

"Pole," alisema Mama Ndelwa, na alimaanisha. "Na uko peke yako?"

"Namsubiri binti yangu."

"Basi nikuachie chai. Na ukae, unitazamie hawa kuku. Wako saba. Jioni huingia bandani wenyewe, wewe funga mlango tu."

Malori yakaondoka kwa nyimbo. Vumbi lilipotua, Shundu yote ilikuwa imebaki na watu wawili, Bwana Hizza na mlinzi wa shule. Saa kumi likaja gari dogo likamchukua mlinzi wa shule.

Usiku alilala darasani. Kulipokucha alipanda kilima, kiti kimoja kila kwapa, begani darubini ndogo, mkononi redio na chupa ya chai. Mbingu ilikuwa safi, kama walivyoipangia yeye na Zamaradi. Alivikunjua viti, akaviweka bega kwa bega vikiangalia mahali jua litakapokuwa. Alikaa cha kushoto. Juu ya cha kulia aliweka miwani, ya macho mawili, na juu ya miwani jiwe ili upepo usiichukue. Akakitazama kidogo. Akainuka, akakigeuza kidogo, kielekee barabara, ili atakayekuja akione kwamba kinamngoja.

Kutoka pale aliiona barabara yote. Ilitoka upande wa mji mkuu, nyeupe, ikakata tambarare kwa kilomita nyingi bila mti, ikafika mguuni pa kilima. Hakukuwa na kitu juu yake, hata baiskeli.

Saa sita na nusu mwezi ulilimega jua ubavuni, sekunde ileile iliyoandikwa daftarini. Bwana Hizza alishtuka kwa furaha, akageuka kusema, "Umeona?" Akakuta jiwe juu ya miwani. Furaha ikamtoka palepale. Ndipo alipofahamu jambo ambalo hakulikuta katika hesabu zote zile, kwamba kuwa sahihi mbele ya kiti kitupu hakuna raha yoyote. Akamimina chai. Akamimina na kikombe cha pili, kikapoa.

Redioni mtangazaji alikuwa anapasua koo. "Naam, ndugu wasikilizaji, hapa uwanjani shamrashamra zimepamba moto! Vikundi vya ngoma vinapishana! Mgeni rasmi yuko njiani! Wananchi wako chini ya maturubai, wametulia, wanasubiri jua lao kwa nidhamu!"

Saa saba na nusu mwanga ulianza kuugua. Vivuli vya majani vikachongoka, ubaridi ukapanda kutoka bondeni. Kuku wa Mama Ndelwa, ambao aliwaona kule chini kwenye ua, waliacha kuchakura, wakasimama. Halafu mmoja akaanza kuelekea bandani, na wengine wakamfuata kwa foleni, bila ratiba wala mshereheshaji.

"Na hapa, ndugu wasikilizaji," redio ikasema, sauti imeshuka kidogo, "naona kama kuna kigiza fulani uwanjani. Lakini nimenong'onezwa na viongozi kwamba tusiwe na wasiwasi. Hilo ni giza la majaribio. Lenyewe litaanza mgeni rasmi akishaketi."

Bwana Hizza akaizima. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Akavaa miwani, akaegemea, na kabla hajainua uso aliona vumbi barabarani.

Vumbi lilikuwa mbali, dogo, linasogea. Akasimama. Litakuwa gari, alijiambia. Ni gari la itifaki, na likiwa gari, sasa hivi giza litaingia na dereva atawasha taa, nami nitaziona taa hata zikiwa huko mwisho wa dunia. Akakaza macho kwenye barabara. Nyuma yake, juu yake, kitu kilizimika kama mtu amepuliza koroboi. Giza likashuka juu ya tambarare, la rangi asiyoijua, na pembezoni mwa upeo wote kukawa na wekundu wa machweo kila upande. Nyota zikatoka. Bila shaka zilitoka. Hesabu ilisema zitatoka. Bwana Hizza alikuwa akitafuta taa mbili.

Geuka, nafsi yake ilimwambia, ni dakika nne tu. Lakini alihisi kwamba akigeuka tu ndipo taa zitakapowaka, na ndipo itakuwa tena kwamba yeye hakusubiri. Akahesabu kwa sauti. Sitini. Mia. Mia mbili. Mia mbili na hamsini. Mia mbili hamsini na moja.

Mwanga ukarudi ukianzia huko barabarani, ukamwonyesha vumbi lake: lilikuwa kimbunga kidogo cha upepo, kinazunguka peke yake, na hata hicho kilikuwa kinakwisha. Alipoinua uso, jua lilikuwa limeshatoa makali yake. Chini kuku wakatoka bandani, wakaangaliana.

Alikaa. Alilia pia, kwa muda, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumficha.

*

Uwanjani, kama ilivyopangwa, mgeni rasmi aliketi saa tisa na dakika thelathini na nane. Jua lilikuwa zima, la duara, linaunguza maturubai. Kwa dakika moja ilionekana kama kuna tatizo. Lakini Waziri Kipepe alisogea kwenye kipaza sauti, akatangaza kwamba, kwa heshima ya tukio, na kwa usalama wa macho ya taifa, wananchi wote wafumbe macho kwa dakika nne. Watu elfu sitini wakafumba. Giza likawa kamili. Mlezi Mkuu naye alifumba, na inasemekana alisinzia kidogo. Waliporuhusiwa kufumbua walipiga makofi kwa nguvu, na wengi walisema hawajapata kuona giza zuri namna ile likiandaliwa na serikali yoyote.

Walipofumbua, kiti cha Ofisi ya Itifaki kilikuwa wazi. Hakuna aliyeona kimeachwa saa ngapi.

*

Saa kumi na moja na nusu Bwana Hizza alikuwa bado juu ya kilima. Alikwisha kukunja darubini, ila viti alishindwa kuvikunja. Gari la itifaki lilikuja barabara yote mbele ya macho yake, na safari hii lilikuwa gari kweli. Akaliangalia bila kusimama. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke aliyevaa sare ya njano, akapanda kilima, viatu mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Tunu alikuwa anahema. Akatoa karatasi mkobani. "Nimeleta taarifa ya tukio. Inahitaji sahihi ya mtaalamu. Hii ndiyo itakuwa sababu yangu ya kuchukua gari. Walikuwa wamefumba macho wote. Nikaichukua mezani nikatoka. Nilidhani nitawahi. Najua sivyo, najua saa, nimefundishwa saa na wewe. Lakini nilidhani nitawahi."

Akatazama viti, akaona jiwe, akaona miwani chini yake, na kikombe cha chai kilichoingia vumbi.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuitazama. Nilikuwa natazama barabara."

Tunu hakuelewa, halafu akaelewa. Akauweka mkono mdomoni.

"Nilifikiri utawasha taa," alisema Bwana Hizza. "Nilikusubiri, Tunu. Mpaka mwisho."

Akaichukua ile karatasi, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake. Palikuwa na nafasi ya mtaalamu kueleza alichokiona Shundu. Akaandika ukweli, kama kawaida yake: "Sikuona kitu." Akasaini kama mfanyakazi, na chini yake akasaini kama msimamizi.

"Baba, unajua watakavyoitumia hii."

"Waitumie."

Na kweli wiki iliyofuata Gazeti la Serikali lilichapisha, ukurasa wa kwanza, kwamba Mkuu wa Idara ya Anga, aliyetumwa mahususi, amethibitisha kwa sahihi mbili kuwa huko Shundu hakukuonekana chochote, na hivyo uteuzi wa Uwanja wa Taifa umedhihirika kuwa wa busara. Mama Ndelwa alisomewa gazeti hilo, akasema alimwambia yule mzee mapema. Mpaka leo ukitafuta katika vitabu vya nchi ile, hutakuta mahali pengine jua lilipopatwa ila uwanjani, saa tisa na dakika arobaini.

Lakini jioni ile gazeti lilikuwa bado. Tunu alikuwa amesimama, viatu mkononi, anaangalia gari huko chini.

"Nina dakika chache tu," alisema. "Gari linasubiriwa. Kuna chakula cha usiku cha mgeni rasmi."

"Dakika nne na sekunde kumi na moja unazo?"

Tunu akacheka, na kicheko kikamvunjikia njiani. Akaliondoa jiwe. Akavaa miwani, akakaa kwenye kiti cha mama yake. Bwana Hizza akatoa saa ya mfukoni, akasubiri mshale ufike juu, akasema, "Sasa."

Wakatazama. Jua lilikuwa zima, la kawaida, la saa kumi na moja na nusu, ambalo mtu yeyote angeweza kuliona mahali popote bila kamati. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Dakika ya tatu Tunu aliegemeza kichwa begani kwa baba yake, na sare yake ya njano ikamkwaruza shingo. Chini kuku saba walikuwa wanaingia bandani mara ya pili siku ile.

Dakika ya nne ikaisha. Mshale ukasogea, tano, nane, kumi. Ukagusa kumi na moja. Bwana Hizza aliuona vizuri kabisa. Ukapita, na yeye hakumwambia kwamba muda umekwisha.